Uhuru wa Mkristo: kanisa linaweza kunizuia kumpeleka mwanangu jando?

#1 Mkwe wa Masasi
Wakuu habari za muda huu. Naomba tuliongee hili kwa utulivu maana limenikaa kichwani.

Mimi ni mtu wa Njombe, nipo Mtwara mjini kikazi, nimeoa Mmakua wa Masasi na tuna kijana yuko darasa la nne. Likizo ya Desemba wakwe wanataka aingie jando na wenzake wa ukoo, mjomba wake kashaandaa kila kitu, na mnaojua mila za huku mnaelewa kwamba kwenye mambo ya mtoto mjomba sio mtu wa kupita njia, yeye ndo mwenye kauli. Sasa Jumapili kanisani kwetu (kanisa la kiroho, sitalitaja) limesomwa tangazo kwamba mshirika yeyote atakayepeleka mtoto jando au unyago atawekwa chini ya nidhamu, hatashiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya kanisa zima. Na kwenye darasa la Biblia tupo Wagalatia 5, Kristo ametuweka huru, tusirudi utumwani. Nikamuuliza mwalimu, huu uhuru ni wa nini hasa kama kila kitu kina tangazo lake? Akasema uhuru sio kufanya unachotaka. Sawa nimekubali, ila swali langu liko palepale.

Uhuru wa Mkristo maana yake nini kwa kanisa la leo? Nani mwenye mamlaka ya kuniambia hapa uko huru na hapa hauko? Wenye maandiko na wenye uzoefu wa huku kusini karibuni.

#2 Nyundo_ya_Neno
Shalom. Tangazo la kanisa lako liko sahihi na mchungaji wako anakupenda. Soma 1 Wakorintho 10 kuanzia mstari wa 14 hadi 22, usirukeruke. Paulo anasema huwezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Kule kumbini, yaani kambi ya jando, sio kisu tu kinachofanya kazi, kuna unga unawekwa chini ya mti, majina ya mababu yanaitwa ili mtoto apokelewe, kuna nyimbo ambazo mama mwenye hofu ya Mungu hawezi kuzirudia mbele ya watoto. Mi nimezaliwa Newala na nimepita huko kabla sijaokoka, sihadithiwi. Uhuru wa Mkristo ni kutolewa kwenye vifungo vya ukoo. Sasa mtu kafunguliwa halafu anamshika mwanae mkono anampeleka kulekule alikotolewa yeye, huo ni uhuru gani?

#3 Mmakua Halisi
Nyundo hapo #2 unaongelea jando moja kana kwamba yote ni lilelile. Sisi Waanglikana wa Masasi tuna jando la Kikristo zaidi ya miaka mia sasa. Askofu Vincent Lucas, ndo askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi, 1926 mpaka 1944, na hili jambo alilianza hata kabla hajawa askofu. Hakusema endeleeni tu. Aliondoa matambiko akaweka sala, padri akawa humohumo na vijana, msalaba ukasimama pale, na wakitoka wanapelekwa kanisani kushukuru. Mi nimeingia la namna hiyo. Nimefundishwa kuheshimu wakubwa, kutokuwa muongo, kuvumilia baridi na njaa, jioni tunasali. Mzimu hakuitwa hata mmoja.

Kwa hiyo mtoa mada, kabla hujakosana na mtu muulize shemeji yako, ni jando lipi hilo?

#4 Korosho_Ghafi
Nakazia #3. Halafu Masasi yenyewe ilianzishwa na Livingstone kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, leo linakuja kanisa lililofunguliwa juzi kwenye fremu ya duka kutufundisha uhuru. Uhuru wa Kikristo hapa kusini umeanzia kwetu.

#5 binti_wa_Mikindani
Korosho punguza kasi kaka. Livingstone alipita kwetu Mikindani 1866 kwenye safari yake ya mwisho, na akafariki 1873. Masasi imeanza 1876, aliyewapeleka ni Askofu Edward Steere wa UMCA (misheni ya Kianglikana) kutokea Unguja, akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Na wala hawakuwa wanaenda Masasi, nia ilikuwa kuwasogeza makwao upande wa Ziwa Nyasa, walipofika hapo wakaipenda ile ardhi wakakaa.

Kuhusu kanisa la kwenye fremu tusidharau watu, wapo wanaomjua Mungu humo.

#6 Korosho_Ghafi
Asante dada, nimepokea. Ila umenipa hoja nyingine bila kutaka. Watu wameachiwa huru Unguja, njiani wanasema sisi tunakaa hapa, na askofu anakubali. Huo ndo uhuru. Mtu kachagua.

#7 Mngoni Pori
Mmeruka 1882, babu zetu walipopita hapo Masasi kuwajulia hali 😄

#8 Mmakua Halisi
Mtani salamu zenu tunazikumbuka mlivyoondoka na watu na mali. Kaa pembeni hapa tunaongelea uhuru, wewe ndo ulikuwa mshtakiwa.

#9 Kijana wa Ligula
Mada nzuri. Kwa upande wa Kilutheri, Martin Luther mwaka 1517 aliandika juu ya hilihili, uhuru wa Mkristo, na alianza na sentensi mbili zinazogongana. Kwamba Mkristo ni bwana huru kuliko wote, hayuko chini ya mtu. Halafu kwamba Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Na akasema zote mbili ni kweli kwa pamoja. Kwa imani huna deni, sio jando, sio kufunga, sio kuhiji, hakuna kitu kitakachokuongezea haki mbele za Mungu. Lakini kwa upendo unajifunga mwenyewe kwa jirani yako.

Kwa hiyo swali lako #1 "nani mwenye mamlaka" ukiliweka kwa Luther linageuka kuwa "nani anakuhitaji". Mwanao anahitaji nini, mkeo anahitaji nini, wakwe wanahitaji nini. Kanisa linakuja kusaidia kufikiri hivyo, sio kukufungia meza. Meza sio ya kwao.

#10 mwana_wa_Ndanda
Kijana wa Ligula marekebisho kidogo, 1517 ni zile hoja 95. Ya uhuru wa Mkristo ni 1520, na aliituma na barua kwa Papa Leo X. Sisi Wakatoliki hiyo tarehe tunaikumbuka kwa sababu zetu.

Hilo la "nani anakuhitaji" ni zuri ila lina mlango wazi sana. Kila mtu akikaa nyumbani kwake akaamua mwenyewe nani anamhitaji, mwisho wa siku tunakuwa na makanisa mangapi? Kwetu mafundisho yako wazi, mtu lazima afuate dhamiri yake, lakini hiyo dhamiri lazima ifundishwe, haizaliwi ikiwa inajua kila kitu. Ndo maana Kanisa lipo. Mzee wangu alikuwa anasimulia kwamba wamisionari wa mwanzo huku kwetu walikuwa wakali sana kwa ngoma zote, baadaye ndo wakaanza kutofautisha. Hawakubadilisha Injili, walijifunza watu. Hiyo inachukua muda na inahitaji chombo, mtu mmoja na Biblia yake hawezi.

#11 Kijana wa Ligula
Kweli ni 1520, asante mkuu. Ila hapo kwenye "mtu mmoja na Biblia yake hawezi" tutakesha mimi na wewe.

#12 Berea_Leo
Nauliza kwa nia njema kabisa. Wagalatia 5:2 Paulo anasema mkitahiriwa Kristo hatawafaidia kitu. Mnasoma mstari wa 1 kila siku, mstari wa 2 mnauruka. Huku kusini karibu kila mwanaume ametahiriwa. Ina maana gani hapo?

#13 Mwl. Nachingwea
Berea swali lako ni la msingi kuliko unavyofikiri, na nashangaa tumefika #12 ndo linaulizwa, maana barua nzima kwa Wagalatia ni ugomvi wa jando.

Wagalatia walikuwa watu wa mataifa waliomwamini Kristo. Wakaja walimu wakawaambia imani haitoshi, mpaka mtahiriwe na mshike torati ndo mtakuwa watoto wa Ibrahimu kamili. Hiyo ndo Paulo anaikataa kwa ukali wote. Kisu chenyewe hana shida nacho. Tazama alichofanya kwa vijana wake wawili. Tito alikuwa Mgiriki, watu wakashinikiza atahiriwe, Paulo akagoma (Wagalatia 2:3). Timotheo mama yake Myahudi, baba yake Mgiriki, Paulo mwenyewe akamtahiri kwa sababu ya Wayahudi wa maeneo yale (Matendo 16:3). Mtume mmoja, maamuzi mawili tofauti. Kwa Tito kukubali kungekuwa ni kusema Kristo hatoshi. Kwa Timotheo kukataa kungefunga mlango wa nyumba ambazo Injili ilitakiwa iingie.

Sasa mtoa mada, kazi yako ni kujua kijana wako ni Tito au ni Timotheo. Ukoo ukisema "asipoingia jando sio mtu, hatazikwa na sisi, hatakaa kikao na wanaume", basi ni Tito, na hapo wewe kama Mkristo una haki ya kusimama ukasema mwanangu ni mtu tayari, amebatizwa. Wakisema "tunampenda mtoto, tunataka awe na rika lake, ajue shangazi na wajomba", ni Timotheo, mpeleke.

Na hilo swali hilohilo liulizwe na kanisani. Kanisa linaposema "akiingia jando sio wa kwetu" linafanya walichofanya wale walimu wa Galatia, tofauti ni kwamba wale walidai kisu na hawa wanakataza kisu. Masharti ya kuongezea juu ya Kristo ni yaleyale.

#14 Nyundo_ya_Neno
Mwalimu umeongea kwa hekima lakini umeruka sehemu moja. Tito na Timotheo walikuwa wanaongelea agizo la Mungu aliye hai alilompa Ibrahimu. Huku tunaongelea mizimu. Paulo hakumpeleka Timotheo kwa mganga. Usilinganishe.

Na hilo la Lucas #3, mimi namheshimu, lakini tuangalie matunda. Vijana wangapi waliotoka kwenye jando la kanisa leo wako kanisani? Na mara ngapi padri akishaondoka usiku wazee wanaendelea na ya kwao?

#15 Mmakua Halisi
Vijana wangapi waliopita sandei skuli yenu wako kanisani leo? Hicho kipimo kitatuumiza wote.

#16 Mama Tausi wa Nyangao
Nimesoma kuanzia juu, wanaume mmejaa na jando lenu. Unyago mmeutaja mara moja kwenye tangazo mkaupita. Mimi nitausema.

Binti yangu alipofika umri, upande wa mama zangu wakataka acheze. Nikawauliza mtamfundisha nini, somo, yaani mwalimu wake wa unyago, akaniambia mengine ni mazuri kweli, usafi, heshima, kujitunza. Mengine nikaona huyu mtoto yuko shule ya msingi bado, haya hayamhusu leo wala mwaka kesho, na nimeona mabinti wa jirani wakitoka pale wanajiona wanawake kamili, masomo yanaishia hapo na ndoa inafuata. Nikakataa. Kanisani nilipokuwa nasali wakati ule walikuwa wamekataza kama kwako mleta mada, kwa hiyo nikajua nina watu nyuma yangu.

Ukoo ulininunia. Bibi zake walisema nimewaona wao wachafu. Ilipofika msiba wa kaka yangu nilikaa jikoni kama mgeni, hakuna aliyenituma hata kuteka maji. Na lile kanisa lililokataza, hakuna mama mmoja aliyekuja kukaa na mimi. Hakuna aliyesema basi binti yako mlete tumfundishe sisi. Walitangaza wakaenda nyumbani. Binti wangu alikua bila somo, akawa anajifunza kwa wenzie na kwenye simu.

Kwa hiyo mimi sibishani kama kanisa lina haki ya kukataza. Nasema linapokataza lijue limechukua nafasi ya somo, ya nyakanga anayeongoza unyago na ya mjomba. Kama haliwezi kuijaza hiyo nafasi lisitangaze. Paulo anasema "mliitwa mpate uhuru", na mstari huohuo, Wagalatia 5:13, unaishia na "tumikianeni kwa upendo". Mimi sikutumikiwa, niliachwa huru peke yangu.

#17 binti_wa_Mikindani
Mama Tausi pole sana na asante kwa kusema. Binti anaendeleaje?

#18 Mama Tausi wa Nyangao
Yupo chuo, anasomea ualimu, namshukuru Mungu. Na bibi zake tumepatana, alipofaulu ndo hao wa kwanza kushangilia.

#19 Nesi wa Lindi
Naingilia kidogo kitaalamu. Tohara na jando ni vitu viwili vinavyotenganishika. Tohara inafanyika hospitali au kituo cha afya, kwa ganzi, kwa vifaa safi, kidonda kinafuatiliwa. Inapunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60, haikingi moja kwa moja kwa hiyo asijidanganye mtu. Miaka ya 2010 kampeni za tohara zilipelekwa mikoa kama Iringa na Njombe kwa mtoa mada, huku kwetu watu walikuwa wanatahiri tangu zamani. Familia nyingi sasa mtoto anatahiriwa kituoni kwanza, halafu ndo anaingia kupata mafundisho na wenzake. Ngariba na wembe mmoja kwa watoto wote, hapo hamna mjadala wa uhuru, ni hatari, kataa.

Halafu naungana na Mama Tausi, mabinti wachezwe unyago wakiwa wamekomaa, na shule isiguswe.

#20 Ustadh wa Kilwa
Assalam aleikum na Bwana asifiwe, kila mtu achukue yake. Mi Muislamu ila uzi umenivuta maana msikitini tunabishana hilihili kila mwaka. Tohara kwetu ni sunna haina mjadala. Lakini masheikh wengi wanasema ngoma, matambiko na mambo ya kumbini sio dini, waache. Wazee wanajibu sisi tulikuwa Waislamu na tulikuwa na jando kabla hujaenda kusoma. Kwa hiyo ndugu yangu wa Njombe usidhani ni shida ya Wakristo. Huku pwani dini zimekuta nyumba ina wenyewe.

#21 Mwl. Nachingwea
Ustadh hapo mwisho umesema jambo kubwa. Karibu sana.

#22 mama lishe Chikongola
Mimi naomba nitoke kidogo kwenye jando maana mada inasema uhuru. Nauza chakula mjini Mtwara, mimi Mkristo. Mwezi wa Ramadhani nafanya biashara mchana? Nina haki, sheria hainikatazi, na Biblia hainikatazi. Lakini majirani zangu na wateja wangu miezi mingine yote ni Waislamu. Nilichoamua mimi, nafunga pazia, napika supu na chapati kwa wagonjwa na wasiofunga, jioni napika futari, na hiyo futari ndo inanilipia ada. Mshirika mwenzangu kanisani akanisema, eti kuweka pazia ni kumwonea aibu Kristo. Je nimekosea?

#23 Kijana wa Ligula
Hujakosea mama. 1 Wakorintho 8 yote ni wewe. Paulo alijua sanamu si kitu na nyama ni nyama, na bado akasema kama chakula kitamkwaza ndugu yangu sitakula nyama milele. Aliyekuambia ni aibu hajui kwamba mtu huru ndo pekee anayeweza kuweka pazia kwa hiari. Aliyelazimishwa pazia lake halina thamani.

#24 Berea_Leo
Ila Paulo kasema "ndugu". Ndugu maana yake mwamini mwenzio. Jirani Muislamu hawezi kukwazika imani ya Kristo ambayo hana.

#25 Kijana wa Ligula
Soma sura ya 10 mstari wa 32, Wayahudi, Wayunani na kanisa la Mungu, wote kawataja kwamba tusiwakwaze.

#26 Berea_Leo
Nimeuona. Sawa kwenye hilo. Bado nina swali, akishakubali pazia leo, kesho akiambiwa afunge kabisa? Uhuru unaotolewa kidogokidogo kwa ajili ya amani unaishia wapi? Maana Petro naye kule Antiokia alikuwa anakula na mataifa vizuri tu, walipokuja watu wa Yakobo akajitenga, kwa ajili ya "amani" hiyohiyo, na Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Wagalatia 2. Kuna kujizuia kwa upendo na kuna kujizuia kwa uoga, kwa nje vinafanana kabisa.

#27 Mwl. Nachingwea
Hii #26 isomwe mara mbili.

#28 Ustadh wa Kilwa
Mama lishe jirani yako mwema anakuombea riziki, pazia linatosha, usifunge. Na siku ya Idi uje ule pilau.

#29 Nyundo_ya_Neno
Na mimi hapo kwenye pilau la Idi ndo watu wananishangaa. Sili. Simhukumu anayekula, 1 Wakorintho 10:25 inasema kinachouzwa sokoni kula bila kuulizauliza. Nyama ya buchani naila, najua kachinja nani na sina tatizo, yale ya Geita 2013 watu kugombania nani achinje mpaka damu ikamwagika yaliniuma sana. Ila ya sikukuu dhamiri yangu inakataa. Warumi 14 inanilinda na mimi niliye dhaifu kama mnavyoniona, inasema anayekula asimdharau asiyekula.

#30 Mmakua Halisi
Nyundo hapo nakupa heshima yako. Umesema "dhamiri yangu". Ungesema hivyo kuanzia #2 tusingegombana. Shida ya lile tangazo ni kwamba limechukua dhamiri ya mchungaji mmoja likaifanya kanuni ya washirika wote.

#31 Nyundo_ya_Neno
Hapana, nyama ya Idi na unga chini ya mti kwangu sio daraja moja. La kwanza ni dhamiri, la pili ni ibada ya miungu mingine. Matendo 15 baraza la Yerusalemu liliwaweka huru mataifa na tohara, na waraka huohuo ukawakataza vilivyotolewa kwa sanamu. Kwa hiyo baraza la kanisa lina mamlaka ya kukataza, na wale walikuwa mitume wakiandikia watu huru.

#32 mwana_wa_Ndanda
Hapo Nyundo yuko upande wangu bila kutaka. Baraza, waraka, kanuni. Karibu nyumbani 😄

#33 Korosho_Ghafi
Vipi kuhusu uraka, pombe ya mabibo, jamani? Msimu wa mabibo unakuja na kila mtu anakuwa mpole hapa. Mabibo ni yangu, mkorosho ni wangu, nikikamua nikanywa siku hiyohiyo ni juisi, kesho yake tayari ni dhambi?

#34 Nesi wa Lindi
Siku hiyohiyo kunywa, ina vitamini C nyingi. Ile inayochemshwa ikawa gongo usiniletee wodini.

#35 Kijana wa Ligula
Korosho jibu lako ni 1 Wakorintho 10:23, "Vitu vyote ni halali, bali si vitu vyote vifaavyo." Jiulize pia hela ya mnada wa korosho ikitoka inaishia wapi.

#36 Mzee wa Mahuta
Nimekuwa nasoma tu. Wanangu mnaongelea jando, pazia, uraka, mambo ya mdomo na mwili. Mimi nina kifungo kingine nataka mnisaidie. Kijijini mtu akifa sasa, cha kwanza kinachoulizwa na viongozi wa kanisa ni kadi. Amelipa ahadi? Amelipa mavuno? Kama kadi haijajazwa hakuna ibada ya mazishi, mtu anazikwa na ndugu zake kama hakubatizwa. Bei ya korosho ikianguka, au malipo ya chama cha ushirika yakichelewa, mzee anakufa na deni la kanisa. Sijataja kanisa kwa sababu nimeliona kwenye zaidi ya moja. Luther ambaye kijana wetu anamtaja, zile hoja zake 95 si alikuwa anapinga watu kuuziwa vyeti vya msamaha? Sasa kadi ya michango kaburini ni nini?

#37 Kijana wa Ligula
Mzee shikamoo. Hapo sina la kujitetea, na kwetu lipo.

#38 mwana_wa_Ndanda
Shikamoo mzee. Upande wa pili tuutaje nao, paa la kanisa, katekista na mafuta ya pikipiki ya padri havilipwi na malaika. Mtu mwenye uwezo anayekataa kuchangia miaka yote halafu akifa familia inadai maturubai, kengele na kwaya, huyo naye ametumia uhuru vibaya. Ila kumnyima maskini mazishi, hilo halina utetezi.

#39 Mama Tausi wa Nyangao
Marahaba zenu mtapewa na mzee. Mimi naongeza tu kwamba anayezuiwa kuzikwa mara nyingi ni mama mjane. Mwenye mikorosho mingi hazuiwi hata kama kadi yake nyeupe.

#40 Mkwe wa Masasi
Wakuu nimesoma zote, asanteni sana. Mrejesho.

Nimempigia shemeji, nikamuuliza lile swali la #3. Akanyamaza kidogo, akasema ni jando la ukoo, sio la kanisa, ila yeye mwenyewe ni mzee wa kanisa lake la Anglikana na hataruhusu matambiko. Nikamwambia tohara kijana atafanyiwa hospitali, akakubali hapohapo. Nikamuuliza la Mwl. Nachingwea, kijana asipoingia itakuwaje. Akasema "atakuwa mtoto wetu, ila wenzie watamcheka na mimi sitaweza kuwazuia". Sasa hapo sijui ni Tito au Timotheo.

Kanisani nimeomba kuonana na baraza la wazee. Nataka niwaulize la Mama Tausi, mkikataza mnaweka nini mahali pake. Mzee mmoja kanijibu kwa simu kwamba kuuliza ni dalili ya uasi, mwingine kasema njoo tuongee, hata sisi hatukukubaliana wote kwenye lile tangazo. Mke wangu anasema nisiende peke yangu, anataka kwenda na yeye kwa sababu kijana ni wake na mila ni zao.

#41 Mwl. Nachingwea
Mkeo yuko sahihi, aende, na aongee kwanza yeye. Kuhusu Tito na Timotheo, kwa jibu la shemeji yako naona Timotheo.

#42 Berea_Leo
Mi naona Tito. "Watamcheka" ni shinikizo lilelile la Galatia kwa sauti ya chini. Na mbona hakuna aliyemuuliza kijana mwenyewe? Yuko darasa la nne, anajua kusema ndiyo na hapana.

#43 Mmakua Halisi
Berea darasa la nne hata chanjo angekataa. Kuna mambo mzazi anaamua.

#44 Nyundo_ya_Neno
Ila kaulizwe. Mimi hawakuniuliza.